Walioitika Ukunguni

Wewe mwenye mtoto, soma hapa taratibu. Mlima ninaousimulia sitautaja jina, na kabla hujafika mbali utajua kwa nini naogopa kutaja jina la kitu nisichotaka kiitike. Jua tu kwamba ni mlima mrefu, una msitu toka kiunoni mpaka mabegani, umewekwa kuwa hifadhi, na watu huupanda wakiwa na mahema mgongoni wakalala huko kwa hiari yao, wakati makwao wana vitanda.

Mama Naetwe alimlea binti yake peke yake, kando ya barabara ya malori. Nyumba ilikaribiana na lami kiasi kwamba lori likipita, vikombe kabatini viligongana vyenyewe. Pale mtaani kila mtu aliwahi kumjua mtoto wa fulani aliyevuka akifuata mpira, akabaki mpira. Basi mama huyu akajifunza kuita. Yuko jikoni, mtoto yuko uani, anaita.

"Naetwe."

"Abee mama."

"Basi."

Hakuwa na la kumwambia. Hakutaka kumtuma chumvi wala kiberiti. Alitaka ile abee tu. Akishaisikia, moyo wake unarudi mahali pake. Akikatakata kitunguu kimoja unaanza kupanda tena, naye anaita tena. Mtoto yuko chooni, anaitwa. Mtoto amelala, anaitwa, aitike akiwa usingizini, ili mama naye apate kulala. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Wakasema mama yule anapumulia mapafu ya watu wawili, na asipopata abee upande mmoja unaziba.

Nami nakuuliza wewe, kwa sababu swali hili limenikosesha raha: ukimwita mtu akaitika, umempata nani? Umempata yeye mwenyewe, au umepata sauti iliyokuja kukutuliza, mwenyewe amebaki huko huko na mambo yake? Mbuzi ukivuta kamba anakuja mwili mzima. Mtoto ukimwita, hutangulia mdomo. Kama wewe ni mtu wa kuita sana, unaweza kuishi na huo mdomo miaka na miaka, ukiuita mwanangu, ukiupikia, ukiuombea, na mwenye mdomo akawa anakua humo humo ndani ya nyumba yako usimwone. Na je, mwenye kuita na mwenye kuitwa, nani amemshika mwenzake? Mimi sijui. Naogopa tu.

Naetwe akakua hivyo. Akapata kazi mjini, akawa mwanamke mwenye mikono mipana ya baba yake na namna ya kunyamaza ambayo haikutoka upande wowote wa ukoo. Siku moja akaja nyumbani na mikoba miwili ya mgongoni.

"Mama, twende mlimani."

"Kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Kuna nini sasa?"

"Hakuna malori," alisema Naetwe. "Nina jambo la kukuambia, na nataka nikuambie mahali ambapo hutaniambia nisubiri lori lipite."

Mama alilijua hilo jambo. Alikwenda kumtembelea mjini akaliona sanduku jipya chini ya kitanda, kubwa la kumtosha mtu mzima akijikunja. Alijua mtoto anakwenda nchi ya mbali, ile ambayo huku tukiamka wao ndio wanajifunika, na waliotangulia huko walirudi kama picha kwenye simu, wamevaa makoti. Alijua yote hayo. Lakini alijiambia kwamba neno lisilosemwa halijatokea. Likisemwa ndipo linapoota miguu. Kwa hiyo akakubali kwenda mlimani, akahakikishe halisemwi.

Akafungasha tangawizi, chumvi, soksi za sufu, dawa ya kuchua, na kofia ya pili endapo ya kwanza italowa.

Aliyewaongoza ni bwana mmoja aitwaye Senkondo, mnene kidogo kwa kazi ya kupanda milima, mpenda chai, mpenda kucheka maneno yake mwenyewe. Mahali mashamba ya kabichi yanapoishia na msitu unapoanza, alisimama, akainua fimbo.

"Kuanzia hapa hatuitani majina," alisema. "Sisi wa huku tunagonga." Akaupiga mti mmoja mkavu uliokuwa umesimama bila majani. Ko. Ko. Kutoka juu, mbali, kwa watu wasioonekana, ikarudi: ko. "Umesikia? Wale ni wenzetu, wako salama, na hakuna aliyetaja jina la mtu."

"Jina lina ubaya gani, kaka?" aliuliza Mama Naetwe.

"Jina halina ubaya, dada. Ila humu ndani linasikiwa na wengi."

"Na nikitaka kujua kama mwanangu yupo?"

"Unagonga."

"Kugonga hakuna abee."

"Kuna ko," alisema Senkondo. "Ukishaizoea inakolea vilevile."

Naetwe akacheka. Mama yake hakucheka, alikuwa anaangalia jinsi njia inavyoingia gizani kwenye majani kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa koti.

Wakapanda. Miti ilikuwa na ndevu za kijivu zilizoning'inia mpaka usoni mwa wapitaji, na mbega waliruka juu na mikia yao myeupe, taratibu, kana kwamba hewa ya huko ni nzito kuliko ya kwetu. Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Jua lilikaa mahali pamoja nyuma ya majani kama taa iliyosahauliwa kuzimwa mchana. Mama Naetwe alikiangalia kisogo cha binti yake mbele yake, na mara akaona ni shingo nyembamba ya mtoto anayekwenda kuanza shule, imebebeshwa mkoba mkubwa. Akapepesa macho, ikawa shingo ya mtu mzima. Akaangalia mikono yake mwenyewe iliyoshika fimbo, akaona ngozi ya msichana ambaye hajawahi kuzaa. Hakushtuka. Miaka ya huko mlimani haikupanga foleni. Ilikuwa imekaa tu kando ya njia, mmoja juu ya gogo, mwingine juu ya jiwe, kama wasafiri wanaopumzika, nawe unaipita ukiisalimia.

"Mama," alisema Naetwe walipofika konani, "lile jambo."

"Kamba ya kiatu chako imelegea."

Naetwe akainama, akafunga. Mbele kidogo akageuka tena.

"Mama, nataka nikuambie kwamba mimi..."

"Umekunywa maji? Kunywa maji kwanza."

Akanywa. Njia ikawa nyembamba, wakapita chini ya mti ulioinama.

"Mama."

"Vaa sweta. Jasho likikukaukia mgongoni utaumwa kifua."

"Nimevaa sweta."

"Vaa nyingine."

Naetwe akavaa sweta juu ya sweta, akaendelea kupanda huku amevimba kama mto wa kulalia. Senkondo alitazama pembeni asionekane anacheka.

Walipofika kwenye uwanja mdogo wa nyasi katikati ya msitu, wakatua, wakasimika mahema. Senkondo akasema anakwenda mbele kuangalia mti unaosemekana umeangukia njia. Akamwachia mama fimbo. Naetwe akachukua kidumu cha maji, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa anakung'uta majani ndani ya hema.

"Nakwenda kijitoni. Nikirudi nitakaa hapa, nitasema, na wewe utanisikiliza. Kiatu nimefunga, maji nitakuwa nimekunywa, sweta ninazo mbili."

"Usiende mbali."

"Mama, kijito hakisogei."

Akaenda. Ukungu ukashuka.

Haukuja na upepo. Ulitoka kwenye miti yenyewe, kimyakimya, kama mvuke unavyotoka chini ya mfuniko, ukala kwanza njia ya kijitoni, kisha vichaka, kisha hema la pili. Mama Naetwe akabaki na duara dogo la nyasi na nafsi yake.

Amechelewa.

Hajachelewa, ndiyo kwanza ameondoka.

Mawe ya kijitoni yanateleza.

Ana viatu vizuri.

Viatu vizuri ndivyo vinavyompa mtu kiburi cha kukanyaga jiwe.

Gonga, kaka yule alisema ugonge.

Akachukua fimbo. Akachagua mti mkubwa kuliko yote, maana mwenye hofu huchagua kikubwa. Mti ule ulivaa manyoya mabichi ya kijani toka mizizini, manene kama godoro. Akagonga. Fimbo ikazama, ikatoa sauti ya mtu anayepigapiga mto kabla ya kulala. Mwenyeji yeyote angetafuta mti mkavu. Yeye akaligonga lile godoro kwa nguvu zake zote, akangoja ko, na ko isingeweza kuja, kwa sababu hakuna aliyesikia kitu. Hewa ikamwishia upande mmoja.

Hapo ndipo alipoita.

"Naetwe."

Sauti yake ilikwenda vizuri sana. Ilizoea kupita juu ya malori. Humo penye kimya ilikwenda kama maji yaliyofunguliwa.

"Abee mama."

Akashusha pumzi. Ukungu ukaachia kidogo, akatoka mtoto wa shule. Sketi ya buluu, sweta ya kijani yenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu wa kijani uliisha. Soksi moja juu, nyingine imeangukia kiatuni. Pengo mbele.

"Abee mama. Umeniita."

Mama alikitazama kile kiwiko. Alikishona yeye, jioni moja umeme ulipokatika, akajidunga kidole. Sweta ile ilikuwa imeshakuwa tambara la kufutia, na tambara lenyewe lilishatupwa.

"Wewe," alisema polepole. "Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

Akaita tena. Akatoka msichana wa umri wa kununa, mikono ameikunja kifuani kuficha kifua kilichoanza kumwaibisha.

"Nini tena?" alisema huyo. Kisha, kwa kuwa alilelewa: "Abee."

Mama Naetwe akaita mara nyingine, na hapo, nawaambieni ukweli, alishajua. Mara ya kwanza aliita kwa hofu. Mara hii aliita kwa uroho. Akaja mdogo kabisa, aliyekuwa anatembea kama mlevi, bila suruali, kijiko mkononi, akasimama katikati ya nyasi akasema, "Bee," kisha akaketi chini kwa kishindo kama mzigo ulioangushwa.

Ukitaka kumlaumu mama huyu, kwanza fikiri. Mtoto anapokua anawaacha nyuma watoto. Yule uliyembeba mgongoni hayupo tena, lakini hakufa. Hakuna msiba uliowekwa, hakuna jirani aliyekuja na mkeka kukupa pole, hakuna aliyekuambia hii ndiyo mara ya mwisho anapanda mapajani kwako, mshike vizuri. Unaamka tu siku moja, mikono iko mitupu, na mtu mrefu anakuuliza chai iko wapi. Sisi tumewapoteza watoto wengi hivyo, wote wakiwa na jina moja, na hatukulia, kwa sababu yule aliyebaki yupo anatuangalia na ingekuwa vibaya kumlilia mbele yake. Sasa mlima ukamrudishia mama huyu wote. Wewe ungefanyaje?

Yeye aliwasha jiko dogo la gesi, akabandika maji yaliyokuwa yamebaki, akapika chai ya tangawizi. Vikombe havikutosha, wakapokezana. Yule mdogo kabisa alipanda mapajani kwake, akaegemea kifua chake kwa uzito wake wote, uzito ule ule, wenye joto na harufu ya uji.

"Kwa nini yeye amewekewa sukari nyingi?" aliuliza yule wa kununa.

"Kwa sababu ni mdogo."

"Sisi sote ni wadogo," alisema wa shule.

"Usiseme sisi. Na hilo pengo lako litakaa hivyo mpaka lini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Mama akacheka mpaka machozi. Aliwaangalia wakinywa. Akaanza kuwaita mmoja mmoja, bila sababu, wako mbele yake kabisa, ili aisikie ile abee ikitoka kwenye midomo yote. Na kila alipoita, huko chini ukunguni kulisikika kitu kidogo, kama mtu aliyeanza neno akaambiwa nyamaza.

Senkondo alirudi akitweta, akasimama pembeni ya duara. Aliwaangalia wale watoto. Akavua kofia.

"Dada, umeita."

"Niliita."

"Mara ngapi? Hapana, usiniambie." Akakaa juu ya mkoba wake, kofia magotini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mimi niliajiriwa kuonyesha njia. Haya sikuajiriwa nayo. Lakini wa huku tunalijua moja: walipanda wageni wawili, watashuka wawili. Mlima haukuulizi nani. Utakayeshuka naye ndiye atakayekuwa mwanao, na atakayebaki, amebaki."

"Na mkubwa wangu? Alikwenda maji. Nimegonga hajajibu."

"Uligonga wapi?"

Akamwonyesha. Senkondo akaubonyeza ule mti kwa kidole, kidole kikazama. Hakucheka.

"Basi yuko anaitika," alisema. "Kila ukiita, anaitika. Ila anakuta ameshaitikiwa."

Wakageuka wote. Pale njia ya kijitoni inapotokea, alikuwa amesimama mtu na kidumu. Naetwe mkubwa. Alikuwa amesimama kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye sherehe, asiyejua kama amealikwa. Mama yake alimtazama vizuri, akaona kupitia begani mwake majani ya nyuma, moja moja, na matone yaliyokuwa juu ya majani.

"Mama," alisema Naetwe, na sauti ilifika imechoka. "Una wageni."

"Njoo, mwanangu, njoo ukae."

"Nakuja. Ila nikipiga hatua naona sijasogea."

Mtoto wa shule akasogea karibu na bega la mama. Yule mdogo akajikunja zaidi mapajani, akashika ushanga wa shingoni mwa mama, kama alivyozoea. Nami sitamfichia mama huyu alichowaza, kwa kuwa wengi wetu tungewaza hicho. Aliwaza: huyu wa kidumu anaondoka. Nikishuka naye leo, nitamshusha nikampeleke kwenye ndege. Hawa hawaendi popote. Huyu mdogo ana miaka mingi mbele ya kukaa kwangu. Nitambeba, nitafunga geti la uani, nitamwita naye ataitika, na safari hii nitakuwa makini zaidi, sitaacha hata siku moja ipite sijaiangalia. Mlima unanipa nilichokuwa naomba. Kosa liko wapi?

Akasema kwa sauti, na midomo ilikuwa mizito:

"Wewe si unaondoka?"

Hilo neno, alilolikimbia kutoka barabarani mpaka juu ya mlima kwa viatu na maji na sweta, likatoka kinywani mwake mwenyewe. Likasimama pale kwenye nyasi. Halikuwa kubwa kama alivyodhani.

"Ndiyo, mama," alisema Naetwe. "Naondoka."

"Sasa nikikuchagua nitakuwa nimepata nini?"

Naetwe akafikiri. Hakulia, hakubembeleza, alilijibu kama swali.

"Hutapata kitu. Nitakuwepo tu, mahali fulani, nafanya mambo yangu. Nyumba kwako itakuwa kimya." Akakihamishia kidumu mkono wa pili, maji yalikuwa mazito kwake, na mkono wenyewe ulikuwa unaelekea kuwa ukungu. "Lakini mama, nimechoka kuitika. Toka nazaliwa naitika. Nilitaka mara moja tu nikuambie kitu ambacho hukuniuliza."

Jiko lilikuwa linavuma peke yake. Kisha mtoto wa shule akamvuta mama mkono wa sweta.

"Mama, naomba nikacheze."

"Cheza hapa hapa," alisema mama, kabla hajafikiri.

"Hapa hapa nimeshacheza."

Mama Naetwe akaugeuza uso wake, akamwangalia. Kiwiko chekundu, pengo, soksi iliyoanguka. Akainama akaivuta ile soksi juu, akakaza lastiki yake kwa kidole, akaona anachelewesha, akaacha.

"Nenda," alisema.

"Mpaka wapi?"

Mama akautazama ukungu.

"Mpaka utakapochoka."

Mtoto alimtazama kama anayengoja lile neno lirudishwe. Halikurudishwa. Basi akageuka akakimbia, na jinsi alivyokimbia, mikono imetandazwa, mdomo wazi, ndivyo mama yake alivyogundua kwamba hakuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa amemwona akirudi tu. Ukungu ukampokea.

Yule wa kununa alisimama mwenyewe.

"Mimi sihitaji ruhusa," alisema. Hakuondoka. Akakuna mguu kwa mguu mwingine. "Ila usiniangalie nikienda."

"Sikuangalii."

"Unaniangalia."

Mama akafumba macho. Akasikia hatua zikienda, zikasimama, zikarudi haraka. Kitu kikamgusa shavuni, paji la uso la mtu lenye jasho, mara moja, kwa nguvu, karibu limuumize. Hatua zikaenda tena. Alipofumbua, nyasi alizokalia zilikuwa bado zimelala.

Akabaki yule mdogo, na ushanga mkononi.

Huyu sitaki kumsimulia kwa haraka. Mama Naetwe hakumwambia nenda, kwa sababu mtoto wa umri ule ukimwambia nenda anadhani amekosa. Alimfungua vidole kwenye ushanga, kimoja kimoja, akamsimamisha juu ya nyasi, akaondoa mikono yake kwapani mwa mtoto, akaiweka nyuma mgongoni na kuishikanisha huko. Mtoto akayumba. Akaona njia ambayo wenzake wamepita, akaicheka, akaanza kuifuata na kijiko chake. Akaenda hatua chache zake zile za kilevi. Akaanguka kifudifudi.

Wewe unayesoma unajua kinachofuata, kwa sababu umekiona kwako. Mtoto akianguka halii hapo hapo. Kwanza anageuka kumtafuta mama, anausoma uso wake, na humo usoni ndimo anamosomea kama ameumia. Ukishtuka, ameumia. Ukikimbilia, dunia ni mahali pa kuumia. Mtoto yule akainua kichwa, tope puani, akageuka.

Mama Naetwe, aliyekuwa anakufa moyoni, akamchekea.

Alimchekea kwa meno yote, kwa mashavu, na mikono iliyofungana mgongoni ilikuwa inachimbana kucha. Senkondo anasema hajawahi kuona kazi nzito kama ile, naye amewahi kumshusha mlimani mtu aliyevunjika mguu. Mtoto aliutazama ule uso muda mrefu. Kisha naye akacheka, akaweka viganja chini, akainua makalio kwanza kama wanavyofanya, akasimama, akasahau kijiko, akaingia ukunguni bila kugeuka.

Nyinyi mnaoita, basi, nawasihi. Sisemi msiwapende. Sisemi msiogope, malori yapo. Nasema angalieni mnamwita nani, kwa sababu jina la mtoto lina watoto wengi ndani yake, na ukiliita sana ukiwa na njaa, huja yule unayemtaka, na yule aliyepo akabaki amesimama nje na kidumu chake.

Mama Naetwe alitaka kumwita yule wa kidumu. Mdomo ulishafunguka. Akaufunga, akakaa chini, akangoja, na kungoja kule bila kuita kulikuwa kama kuvuka lami amefumba macho. Hakuona majani tena begani mwa mtu yule. Aliona sweta juu ya sweta, imelowa. Aliona mguu ukikanyaga nyasi, na nyasi zikilala. Naetwe alikuja kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, akatua kidumu, akapuliza viganja vilivyopata baridi.

"Maji yalikuwa mbali?" aliuliza mama.

"Hapana. Yalikuwa pale pale."

Senkondo akakumbuka ghafla kwamba kamba za hema lake zinahitaji kukazwa, akaenda kuzikaza upande wa pili, akawa anazikaza bila kumaliza.

Mama akamimina maji kwenye sufuria, akaibandika, akapunguza moto. Akafuta mikono kwenye kanga. Hakumwangalia binti yake kiatu wala sweta. Alimwangalia usoni, na akaona pale kwenye jicho la kushoto mkunjo mdogo ambao hakujua umeanza lini.

"Haya," alisema. "Sema."

Naetwe akakaa kwenye nyasi. Alikuwa amejiandaa kwa kukatizwa, na sasa hakukuwa na kitu cha kuruka. Akaanza vibaya, akaanza tena. Akamwambia jina la mji. Akamwambia ni kazi gani. Akamwambia kwamba anaogopa, kwamba huwa anaamka akiwa na woga tumboni na hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kwao woga ulishakuwa na mwenyewe. Akamwambia kuhusu mtu mmoja aliyempenda wakaachana, ambaye mama hakuwahi kumsikia. Akamwambia anapenda asubuhi, anachukia tangawizi, amekuwa akiinywa tu. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo kidogo, sauti ya mwanamke mzima, na Mama Naetwe aligundua kwa mshangao kwamba yeye haijui. Alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza abiria mwenzake ambaye ametokea kumpenda njiani, akiogopa kituo kisifike.

Maji yakachemka. Mfuniko ukaanza kuchezacheza. Mama aliusikia. Maji yakapungua, yakawa yanalia chini kwa chini, yakaisha, sufuria ikaanza kunuka moto, na Senkondo kule kwenye kamba zake akainua kichwa, akarudi kukaza kamba. Mama Naetwe aliisikia ile harufu vizuri kabisa. Akaiacha, maana mwanawe alikuwa bado anaongea.